Chakula cha Udongo, na Udongo Wenyewe

Siku nilipojaza tuta langu la kwanza la kuinuliwa, lile la kulimia mboga ndani ya kuta za mbao, udongo ulifika ukingoni kabisa, sentimita 30 kutoka chini. Niliusawazisha kwa reki, nikasimama kando nikilitazama kwa furaha ya mtu aliyemaliza kuezeka nyumba. Msimu mmoja baadaye nilipima kwa rula: kutoka juu ya ubao hadi usoni pa udongo palikuwa na sentimita 11. Zaidi ya theluthi moja ya tuta haikuwepo. Hakuna aliyeichota, mvua haikuizoa, mbao hazikuwa na ufa. Nyanya zilibaki zimesimama, mizizi yake ya juu ikichungulia nje kama vidole vilivyotoboa kiatu.

Mama alikuwa ameniambia. Siku ile ya kujaza alikuja taratibu, mkono mmoja ukishika kiuno, akainama kwa shida akachota kidogo kiganjani. Alifinya, kisha akafumbua mkono. Kilichokuwemo kilifumuka na kumwagika kama makapi.

"Mwanangu, huu si udongo," alisema. "Hiki ni chakula cha udongo. Udongo wenyewe uko wapi?"

"Mama, hii ni mboji tupu. Hakuna kitu kizuri kuliko hiki."

"Haya," akasema, akajipangusa mikono kwenye kanga. Hakubishana nami.

Nimeyarudia maneno yake mara nyingi tangu hapo, maana ndani yake mna karibu kila kitu nilichokuja kujifunza kuhusu tuta la kuinuliwa. Watu wengi hutumia siku tatu kufikiria mbao na nusu saa kufikiria kitakachoingia ndani yake. Nami nilifanya hivyohivyo. Lakini mboga haioti kwenye mbao.

Mboji ni majani, nyasi, maganda na samadi vilivyooza vikawa kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Kuoza huko hakukomi siku unapoimwaga kwenye tuta. Bakteria na kuvu wanaendelea kuila, na sehemu kubwa ya kaboni iliyomo wanaitoa kama hewa, kaboni dioksidi ileile tunayoitoa sisi tukipumua. Tuta langu, kwa hiyo, lilipumuliwa likaisha. Mchanga na mfinyanzi ni mawe yaliyosagika kwa maelfu ya miaka. Hakuna kiumbe anayeyala yakaisha. Ukichanganya udongo wa kweli na mboji, mboji inaliwa, udongo unabaki. Ukitia mboji peke yake, unapanda mboga juu ya karamu, na karamu ina mwisho.

Si kuzama tu kulikonisumbua. Mboji tupu ikishakauka sana inakataa maji: unamwagilia, maji yanateleza juu yake na kutafuta njia pembeni mwa ubao, chini mizizi inabaki kavu. Pia ina fosforasi nyingi kuliko mboga inavyohitaji, na ukiongeza nyingine kila msimu fosforasi inazidi kulundikana, mpaka mimea inashindwa kufyonza chuma na zinki vizuri. Majani yanageuka manjano, nawe unadhani yana njaa, unaongeza mboji tena.

Tuta la pili nililijenga kwa ajili ya mama. Magoti yake hayamruhusu tena kuchutama, na mtu aliyelima maisha yake yote hapaswi kukaa mlangoni akitazama wengine wakilima. Nilitaka tuta ambalo angeketi ukingoni mwake na kufanya kazi.

Nilianza na mkono wake, si na futi kamba. Kanuni ya kawaida ni upana wa mita 1.2, kwa kuwa mtu mzima aliyesimama au kuchutama anafikia sentimita 60 bila taabu, na akizunguka upande wa pili anamalizia nusu iliyobaki. Tuta lililoegemea ukuta lisizidi hizo sentimita 60. Lakini mama aliponyoosha mkono akiwa ameketi, vidole vyake viliishia kwenye sentimita 50. Basi upana ukawa mita 1. Urefu mita 2.4, maana ndivyo mbao zangu zilivyokuwa, na kimo sentimita 50, sawa na kiti. Juu ya kuta mbili ndefu nilipigilia ubao wa kulala wenye upana wa sentimita 20. Hapo ndipo anapokaa.

Sababu ya kujali sana kwamba mkono ufike katikati ni hii: udongo wa tuta haukanyagwi. Hata mara moja. Karibu nusu ya udongo mzuri ni nafasi tupu, vitundu vinavyopitisha maji na hewa, na mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Mguu mmoja unaviponda vitundu hivyo, na huwezi kuvirudisha kwa kuchokoa kidogo na jembe. Ukijenga tuta pana kuliko mikono yako, iko siku utalikanyaga, hata ukiapa.

Kuhusu kuta sitakaa sana. Mawe ni mazuri, matofali ni mazuri, mabati mazito yanafaa. Mbao ngumu zisizopakwa kitu zitakaa miaka kadhaa, kisha zitaoza, na hilo si balaa, utabadilisha. Nisichokubali ni mataruma ya zamani ya reli, yaliyoloweshwa kreosoti, mafuta ya sumu ya kuzuia mbao zisioze, na mbao za zamani zilizotiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Dawa hiyo watengenezaji wa Marekani waliacha kuitia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao zake bado zinazunguka duniani kama mbao za mitumba, na aseniki hutoka kidogokidogo ikaingia kwenye udongo. Ukitumia mbao za paleti, vile vichaga vya kubebea mizigo, tafuta muhuri: HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto, MB ni zilizofukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu. Hizo za pili ziache.

Kuna jambo moja la kuta ambalo lilinigharimu. Udongo uliolowa una uzito mkubwa, mita moja ya ujazo inapita tani moja kwa urahisi, na uzito huo hausukumi chini tu, unasukuma pembeni pia. Msukumo hauongezeki sawasawa na kimo: ukiongeza kimo mara mbili, ukuta unasukumwa mara nne. Tuta langu la kwanza la sentimita 30 lilikuwa limeanza kuvimba katikati kama tumbo, na hapo lilikuwa limebeba mboji nyepesi. La mama, kwa kimo cha sentimita 50 peke yake, lingesukumwa karibu mara tatu, mbali na uzito wa udongo wa kweli. Kwa hiyo nilichimbia nguzo kwenye kila kona na mbili zaidi katikati ya kila ukuta mrefu, upande wa nje, kisha nikafunga waya mzito kutoka nguzo hadi nguzo ukipita ndani ya tuta. Waya huo sasa umefukiwa na haumsumbui mtu. Kuta zimesimama wima.

Kabla ya kuzika nguzo, hakikisha umbo ni mstatili kweli. Pima kutoka kona hadi kona, kisha pima kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, pembe zako zimekaa sawa. Kwa tuta la mita 1 kwa 2.4, kila kipimo cha mshazari kinatoka mita 2.6 kamili, nilifurahi nilipoona futi kamba imetua hapo hapo. Halafu weka pimamaji juu ya kila ubao. Tuta lililoinama linakusanya maji upande mmoja, na upande wa pili mboga zinadumaa bila wewe kuelewa sababu.

Chini nililegeza ardhi kwa uma wa bustani, bila kuigeuza, nikaondoa mizizi ya magugu sugu, nikatandika maboksi ya karatasi ngumu yaliyolowa, yamelaliana pembeni ili gugu lisipate mlango. Gundi ya plastiki na pini nilizing'oa kwanza. Karatasi huoza ndani ya miezi michache, na kufikia hapo magugu ya chini yamekufa kwa kukosa mwanga huku nyungunyungu wakiwa wamepata njia ya kupanda juu. Sikuweka plastiki. Tuta lenye plastiki chini ni ndoo.

Wala sikuweka kokoto. Nataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu ushauri wa kutia kokoto chini ili maji yatoke nimeusikia kwa watu ninaowaheshimu, na si kweli. Maji yanayoshuka kwenye udongo laini yakifika kwenye kokoto hayaingii mara moja. Vitundu vidogo vya udongo vinayashika kwa nguvu kuliko nafasi kubwa za kokoto zinavyoweza kuyavuta, kwa hiyo yanasimama juu ya kokoto mpaka udongo wote wa pale ushibe kabisa. Chukua sifongo, iloweshe, iinue ikiwa imelala. Itachuruzika kisha itaacha, ingawa bado imejaa maji. Sasa isimamishe wima, na maji yataanza kutoka tena bila kuikamua. Hujabadilisha chochote isipokuwa kimo. Udongo mrefu unajikausha vizuri, udongo mfupi unabaki umelowa chini. Kokoto zinapunguza urefu wa udongo na kupandisha tope karibu na mizizi. Yule aliyezitia ili kuokoa mimea yake ameisogezea maji yaliyotuama.

Sasa kujaza.

Mita 1 mara 2.4 mara 0.5 ni mita za ujazo 1.2, yaani lita 1,200. Kwa toroli la lita 60 hizo ni safari 20. Mizizi ya mboga nyingi haihitaji nusu mita yote ya udongo mzuri: saladi na figili wanatosheka na sentimita 15 au 20, karoti na maharagwe wanataka kama 30, na nyanya itashuka zaidi ya hapo ikipata nafasi. Kwa hiyo sentimita 20 za chini nilizijaza magogo yaliyokwisha kuoza, matawi, na majani makavu ya kuziba mianya. Wajerumani wana jina la namna hii ya kulima juu ya miti iliyozikwa, Hügelkultur, kilimo cha kilima. Gogo lililooza linanyonya maji wakati wa wingi na kuyaachia polepole wakati wa ukame. Lakini hapa pana masharti mawili. Penye mchwa, usizike miti; utawaandalia karamu jirani na kuta zako. Na ukizika miti mibichi, iweke chini kabisa tu, usiichanganye na udongo wa juu.

Hilo la pili lina sababu. Wadudu wasioonekana wanaoozesha vitu wanahitaji kaboni na naitrojeni kwa uwiano fulani, takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Nyasi mbichi zina takriban 20 kwa moja, ziko karibu na mahitaji yao. Maranda ya mbao yana mamia kwa moja. Ukiyachanganya na udongo, wale wadudu wanapata kaboni tele na naitrojeni hakuna, basi wanaikwapua ile iliyokuwa ya mboga zako. Mboga zinapauka na kudumaa, ilhali umetia "mbolea". Maranda yakikaa juu kama matandazo hayana neno. Ugomvi unabaki pale uso wa udongo unapogusana nayo.

Zilibaki sentimita 30 za juu, lita 720, toroli 12. Nilitia toroli 8 za udongo na 4 za mboji. Mbili kwa moja. Wengine wanafika nusu kwa nusu mara ya kwanza, na siwalaumu kama udongo wao ni mchanga mtupu. Ila mimi, baada ya kuona theluthi ya tuta langu inapotea hewani, sivuki hapo.

Udongo huo wa toroli 8 niliujaribu kwanza kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Unatia udongo hadi theluthi, unajaza maji, tone la sabuni ya vyombo, unatikisa kwa nguvu, unaacha mahali pasipoguswa. Mchanga unatua katika dakika ya kwanza hivi. Tope laini linatua baada ya saa chache. Mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi kabla maji hayajang'aa. Kisha unapima tabaka kwa rula. Ukiona mchanga kama asilimia 40, tope laini 40 na mfinyanzi 20, umepata udongo tifutifu ambao wakulima huuota. Wangu ulikuwa na mfinyanzi zaidi ya hapo. Niliupeleka kwa mama kwenye chupa ileile, akautazama kwenye mwanga.

"Mzito kidogo," alisema, "lakini una mwili. Huu utakaa."

Usijaribu kuurekebisha udongo wa mfinyanzi kwa kuutia mchanga kidogo. Mfinyanzi unaziba nafasi zote kati ya punje za mchanga, na ukikauka unakuwa kama tofali. Mboji na muda ndivyo vinavyoulegeza.

Kwenye mboji yenyewe kuna hatari moja ambayo ningependa kila mtu aijue. Kuna dawa za kuua magugu, aminopiralidi ikiwa mojawapo, zinazopulizwa kwenye malisho. Ng'ombe au farasi akila nyasi zile, dawa inapita tumboni bila kuvunjika, inatoka kwenye samadi, na inaweza kudumu hata samadi ikiozeshwa kuwa mboji. Nyanya na maharagwe ndiyo yanayoumia zaidi: majani mapya yanajikunja kama vikombe, shina linajipinda. Mchungaji hana habari, muuzaji hana habari. Njia ya kujua ni rahisi. Chukua makopo sita, matatu yenye mchanganyiko wa mboji hiyo na udongo, matatu yenye udongo mtupu usio na shaka, panda maharagwe kwenye yote, subiri wiki tatu au nne. Majani yakiwa sawa kote, endelea. Wiki hizo zinauma kuzisubiri ukiwa na tuta tupu linalokuita kila asubuhi. Zisubiri.

Samadi mbichi nayo iwe mbali na mboga za kuliwa mbichi. Kanuni za kilimo-hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuitia na kuvuna, ikiwa kinacholiwa kinagusa udongo kama saladi au karoti, na siku 90 kwa kile kisichogusa. Ni kwa ajili ya vimelea vya magonjwa. Mboji iliyopata joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa mfululizo, ikageuzwageuzwa ili kila upande upate moto ule, imekwisha kuua vimelea vingi na mbegu nyingi za magugu.

Nilijaza kwa tabaka za kama sentimita 10, nikichanganya kila tabaka kwa uma na kuimwagilia kabla ya kuweka nyingine. Maji ndiyo yanayoushusha udongo mahali pake; usiushindilie kwa mguu wala kwa beleshi. Nilipomaliza niliacha wiki mbili. Ulishuka sentimita 3, nikaongeza. Juu niliweka matandazo ya nyasi kavu, unene wa vidole vitatu, nikiacha nafasi kuzunguka shina la kila mche.

Lazima niseme pia kwamba tuta la kuinuliwa halifai kila mahali. Sifa yake kubwa, kutotuamisha maji, inageuka kuwa kero penye mvua haba na ardhi ya kichanga. Linakauka haraka kwa sababu upepo na jua vinalipiga kutoka pande zote. Mahali kama hapo ningechimba kitalu cha kuzama, maji yaje kwangu. Watu wa kale wa Andes, milima ya Amerika Kusini, walijua kuusoma mwinuko na maji pamoja: kandokando ya Ziwa Titicaca walijenga matuta marefu yenye mifereji katikati, waru waru, na maji ya mifereji yaliyopata joto la jua mchana yaliyakinga mazao na baridi kali ya usiku. Walilijibu swali la ardhi yao. Lako lijibu wewe.

Kwetu maji ndiyo kazi ya kila siku. Mboga nyingi zinataka kama milimita 25 kwa wiki, na milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta la mama lina mita za mraba 2.4, basi lita 60 kwa wiki, zaidi kukiwa na joto. Lakini mama hahesabu lita. Anaketi kwenye ubao wake, anasogeza matandazo, anachomeka kidole hadi kifundo cha pili, anakaa kimya kidogo. "Bado," anasema, au "Leo."

Ndani ya ubao mmoja, chini kidogo ya kiti chake, nilichora mstari kwa msumari pale udongo ulipofikia siku ya kupanda. Baada ya mavuno ya kwanza tulipima pamoja. Ulikuwa umeshuka sentimita 4. Nilileta toroli la mboji, nalo ndilo pekee linaloingia humo kila msimu, nikaisambaza huku yeye akivunjavunja mabonge kwa vidole. Alipofika katikati alikuta nyungunyungu mnene, akamfunika tena kwa udongo.

"Sasa unao," aliniambia. "Leta miche."